Papa wa kwenye simu na papa wa kwenye sufuria

Bagamoyo. Kama simu yako hushikwa na mtoto wa darasa la pili au la tano, huenda umeshaulizwa swali hili: “Mama, megalodoni yupo kweli?”

Video zake zimejaa mitandaoni. Papa mwenye mdomo wa kumeza basi anaibuka chini ya meli, muziki unatisha, kisha sauti nzito inasema wanasayansi wanajua yupo ila wanaficha. Mtoto wa Dodoma akimaliza kuangalia anazima simu na kulala. Mtoto wa Bagamoyo, Kaole au Mlingotini ana kazi zaidi, maana bahari aliyoiona kwenye simu ndiyo iliyo nyuma ya nyumba yao, na papa wenyewe, ingawa wadogo, anawaona mnadani wamelazwa mchangani. Kesho yake ukimtuma akaoge na wenzake anakwambia tumbo linauma.

Jibu fupi ni kwamba megalodoni hayupo. Tatizo la jibu fupi ni kwamba mtoto halikubali. Na kwa kweli jibu refu ni tamu kuliko video, tena linamgusa mzazi mahali asipotarajia, yaani jikoni.

Jino la sentimita 18

Tuanze na ukweli ambao video hazikudanganya: megalodoni aliwahi kuishi. Jina lake linatokana na Kigiriki, maana yake jino kubwa, na alipewa katika karne ya 19 na mtaalamu wa Uswisi, Louis Agassiz. Aliishi katika bahari zenye joto kwa mamilioni ya miaka, kuanzia takribani miaka milioni 20 iliyopita hadi kama milioni 3.6 iliyopita. Binadamu wa aina yetu hakuwapo.

Jino lake kubwa hufikia sentimita 18. Mwambie mtoto anyooshe mkono wa baba: jino hilo linaanzia kwenye kifundo na kukaribia ncha ya kidole cha kati. Kingo zake zina vijino vidogo vidogo kama vya msumeno, kwa ajili ya kukata nyama ya nyangumi.

Urefu wa mwili wake umebishaniwa sana. Kwa miaka mingi wataalamu walitaja mita 15 hadi 18. Mwaka 2025 kundi la watafiti lililoongozwa na Kenshu Shimada wa Marekani lilichapisha makadirio yanayofikia mita 24, na kusema huenda alikuwa mwembamba kuliko anavyochorwa. Hizo ni kama Coaster tatu zilizopangwa mkia kwa kichwa, na nafasi kidogo ikabaki. Papa mweupe, anayeogopwa kuliko wote leo, hufika mita 6 hivi. Huyo hata Coaster moja haijazi.

Kwa nini namba zinabadilika kila mara? Mama yeyote wa pwani aliyewahi kupika papa analijua jibu, hata kama hajawahi kuliwaza hivyo. Ukichemsha changu unabaki na miiba. Ukichemsha papa unabaki na vipande laini vinavyotafunika. Papa hana mfupa mgumu. Uti wake na taya zake ni gegedu, kitu kile kile kinachofanya sikio la binadamu likunjike. Gegedu huoza kabla mchanga haujageuka mwamba. Kinachobaki ni meno, na mara chache pingili za uti wa mgongo. Wanaompima megalodoni wanafanya kazi ya fundi anayekisia urefu wa mteja kwa kuangalia kifungo cha shati.

Bahati nzuri vifungo ni vingi. Papa hang'oki meno mara moja maishani kama binadamu. Jino likidondoka, jingine linasogea mbele, na papa mmoja anaweza kuangusha maelfu katika maisha yake. Ndiyo maana meno ya megalodoni yameokotwa katika mabara yote isipokuwa Antaktika.

Hapo kale Ulaya waliyaokota milimani bila kujua ni nini. Wengi waliamini ni ndimi za nyoka au majoka zilizogeuka mawe, wakazivaa kama kinga dhidi ya sumu. Mwaka 1666 kichwa cha papa mkubwa kilipelekwa Florence, Italia, kwa daktari Nicolaus Steno. Alipokipasua akaona meno mdomoni mwa samaki yule yanafanana kabisa na zile “ndimi”. Hii ni hadithi nzuri ya kumsimulia mtoto kabla ya kulala, na haina muziki wa kutisha.

Karibu na kwetu nako kuna kumbukumbu. Mwaka 2015 watafiti walieleza visukuku vya papa kutoka kisiwa kidogo cha Nosy Makamby, kaskazini magharibi mwa Madagaska, na miongoni mwake yamo meno ya jamii ya Otodus, ukoo wa megalodoni. Na kilima cha Tendaguru mkoani Lindi, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913 na kuisafirisha Berlin, kimetoa pia meno madogo ya papa wa kale, wa kama miaka milioni 150 iliyopita. Papa wamekuwapo duniani kabla ya dinosaria, wakawaona wakija, wakawaona wakitoweka.

Mtoto wa mita mbili

Kuna jambo ambalo wazazi watalipenda. Mwaka 2010 watafiti walieleza kuhusu eneo la Panama ambako meno mengi ya megalodoni yaliyookotwa yalikuwa ya watoto. Walihitimisha kwamba mahali pale palikuwa bahari ya kina kifupi, na megalodoni walikuwa wakizalia hapo ili watoto wakue mbali na papa wengine wakubwa. Hata papa wengi wa leo hufanya hivyo: watoto hukulia kwenye maji ya kina kifupi, ghubani na karibu na mikoko, mpaka wapate nguvu ya kwenda mkondo mkubwa.

Mtoto mwenyewe, kwa makadirio ya mwaka 2021, alizaliwa akiwa na urefu wa mita mbili hivi, na makadirio ya karibuni zaidi yanasema alizidi hapo. Watafiti wanaamini alifika ukubwa huo kwa kula mayai mengine ndani ya tumbo la mama yake, kama wanavyofanya baadhi ya papa wa leo. Watoto wa kiume wakisikia habari hii husahau woga palepale.

Alikwendaje basi? Hakuna sababu moja. Bahari zilipoa, maeneo ya kina kifupi yakapungua, nyangumi wadogo aliowategemea wakapungua, na papa mweupe akatokea kugombea chakula kile kile. Utafiti wa 2023 uliopima kemia ya meno yake ulionyesha kwamba mwili wa megalodoni ulikuwa na joto la kama nyuzi 7 juu ya maji yaliyomzunguka. Mwili wa moto unakupa kasi, lakini unataka chakula kingi kila siku. Mwenye matumizi makubwa ndiye wa kwanza kuumia msimu ukibadilika.

“Mbona silikanti alirudi?”

Mtoto mjanja, hasa mwenye ndugu Tanga, atakubana hapa. Silikanti naye aliaminika ametoweka pamoja na dinosaria, miaka milioni 66 iliyopita, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Kwetu Tanzania wa kwanza kutambuliwa alivuliwa mwaka 2003, na baada yake makumi walinaswa pwani ya Tanga, eneo la Kigombe likiwamo, hata ikaanzishwa hifadhi ya bahari kwa ajili yao mwaka 2009. Wengi walinaswa kwenye jarife, yaani nyavu za kuvulia papa zilizoshushwa kina kirefu.

Hoja ni nzuri, na jibu lake liko ndani ya hadithi hiyo hiyo. Silikanti hafiki hata mita mbili na nusu. Anajificha mchana kwenye mapango ya chini ya bahari, anakwenda taratibu, anakula kidogo. Pamoja na kujificha kote huko, jarife la mvuvi wa kawaida lilimpata. Sasa fikiria mnyama wa mita 15 na zaidi, anayependa maji ya joto karibu na pwani, anayekula nyangumi na kudondosha maelfu ya meno. Asingehitaji kutafutwa. Meno mapya yangekuwa yanaokotwa ufukweni, na nyangumi waliokufa wangekuwa wanaonekana na alama zake. Meno yote yaliyopatikana mpaka leo ni mawe.

Chanzo kimoja cha mkanganyiko kinajulikana. Mwaka 2013 kituo cha Discovery Channel cha Marekani kilirusha kipindi kilichodai megalodoni yu hai. Walioonekana kama wanasayansi walikuwa waigizaji. Vipande vya video za namna hiyo, pamoja na vya sinema na vilivyotengenezwa kwa kompyuta, ndivyo vinavyokatwakatwa na kusambazwa upya, mara hii bila kumwambia mtazamaji kwamba ni maigizo.

Papa mkubwa kuliko wote duniani leo ni potwe, na Watanzania tunaye nyumbani. Kisiwani Mafia huonekana zaidi kuanzia Oktoba hadi miezi ya mwanzo wa mwaka, na watu hulipa fedha kuogelea kando yake. Anakula viumbe vidogo vinavyoelea na dagaa wadogo. Mwonyeshe mtoto video ya huyo.

Ama hofu ya kuoga baharini, usimcheke mtoto, lakini ipeleke hofu hiyo mahali inapostahili. Kwa mwaka mzima, duniani kote, matukio ya papa kumuuma mtu asiyemchokoza huwa makumi tu, na vifo kwa kawaida havifiki 10 au huzidi hapo kidogo. Kwa upande mwingine, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto chini ya miaka mitano. Pwani yetu maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa mita tatu hadi nne. Mtoto anayecheza kwenye fungu wakati wa kupwa anaweza kugeuka na kukuta maji yameshapita nyuma yake. Mtu mzima mmoja ufukweni anayeangalia watoto, badala ya kuangalia simu, ana thamani kuliko onyo lolote kuhusu papa.

Zebaki hupanda ngazi

Sasa turudi jikoni, kwa sababu kuna jambo moja la papa ambalo mzazi anapaswa kuliogopa kidogo, nalo halimo kwenye video.

Megalodoni alikuwa juu kabisa ya ngazi ya chakula: samaki mdogo aliliwa na mkubwa, mkubwa akaliwa na nyangumi au sili, na hao wakaliwa na yeye. Papa wa leo, pingusi na wenzake, wako kwenye ngazi za juu za aina hiyo hiyo. Kila ngazi inapopandwa, kuna kitu kinachopanda nacho: zebaki.

Zebaki huingia hewani na majini kutokana na volkano, uchomaji wa makaa ya mawe na, zaidi ya vyanzo vyote vya kibinadamu, uchenjuaji wa dhahabu wa wachimbaji wadogo. Ikifika majini, bakteria huigeuza kuwa aina inayoingia mwilini kwa urahisi na kutoka kwa taabu. Dagaa hubeba chembe kidogo. Samaki anayekula dagaa mia hubeba za wote mia. Papa aliyeishi miaka 15 akila samaki hao ana akiba ya miaka 15 kwenye nyama yake. Hii si habari ya Bagamoyo peke yake, ni ya bahari zote. Ndiyo maana hata viwango vya kimataifa vya chakula, Codex, vimeweka ukomo maalumu kwa papa, miligramu 1.6 kwa kilo.

Anayeathirika zaidi ni ubongo unaojengwa, yaani wa mtoto aliye tumboni. Dunia ilijifunza hilo kwa uchungu Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956 baada ya kiwanda kumwaga zebaki ghubani. Kuna akina mama waliokuwa na dalili kidogo tu au hawakuwa nazo, wakajifungua watoto walioharibika vibaya ubongo. Kipimo cha Minamata kilikuwa kikubwa mno kulinganisha na mchuzi wa papa wa mara moja moja, na haifai kutisha watu kwa kuvichanganya. Lakini njia ya sumu ni ile ile, kutoka samaki kwenda kwa mama, kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto.

Kwa sababu hiyo huduma ya afya ya Uingereza huwaambia wajawazito, wanawake wanaotarajia kushika mimba na watoto chini ya miaka 16 wasile papa kabisa, pamoja na nduaro na jamii yake wenye pua kama mkuki. Mamlaka za Marekani nazo zinamweka papa kwenye orodha ya kuepukwa na wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo.

Ushauri huu unapofika pwani yetu unakutana na mambo mawili ya jikoni. La kwanza ni imani kwamba moto unatoa kila kitu. Zebaki imeshikamana na nyama yenyewe. Kuchemsha, kukaanga, kubanika au kumwaga maji ya kwanza hakuitoi. La pili ni papa mkavu, yule wa kuungwa nazi. Samaki akianikwa anapoteza maji tu. Kilichokuwamo kinabaki, kwa hiyo robo kilo ya papa mkavu inabeba zebaki nyingi kuliko robo kilo ya papa huyo huyo akiwa mbichi.

Papa wadogo wa kwenye fungu la mnadani wana zebaki kidogo kuliko wakubwa, kwa kuwa hawajaishi sana. Lakini muuzaji hawezi kukwambia ya nani imekatwa vipande, na mjamzito hana sababu ya kubahatisha wakati meza ya pili ina dagaa.

Hapo ndipo penye habari njema, na isipotea. Ushauri si kuacha samaki. Mjamzito anayeacha samaki anapoteza protini, madini ya joto na mafuta ambayo ubongo wa mtoto huyataka. Jirani zetu wa Ushelisheli wamefuatiliwa kwa miongo kadhaa katika utafiti maarufu: akina mama wakila samaki kama mara 12 kwa wiki, watoto wao wakapimwa tangu uchanga hadi ukubwani, na watafiti hawakupata madhara ya wazi yanayojirudia. Kinachobadilika ni aina ya samaki. Dagaa, vibua, tasi, changu na pono wako ngazi za chini, wanakua haraka, na aghalabu bei yao haimshindi mtu. Nguru mkubwa na jodari ni wawindaji pia. Waliwe kwa kiasi, wasiwe kitoweo cha kila siku cha mjamzito.

Mama aliyekula papa wiki iliyopita kabla ya kujua ana mimba asikose usingizi. Mlo mmoja hauleti Minamata. Mwili hutoa zebaki taratibu, nusu yake katika muda wa kama miezi miwili, na ndiyo sababu inayofanya ushauri uanze kabla ya mimba. Mwenye wasiwasi, hasa aliyezoea kumla kila wiki, amweleze mkunga au daktari kliniki. Baba na babu wanaweza kuendelea na mchuzi wao, ingawa kuna sababu nyingine ya kuwafanya wafikirie.

Jahazi bila sifa

Wenye umri Bagamoyo wanakumbuka harufu ya sifa, mafuta ya ini la papa yaliyopakwa kwenye mbao za majahazi zisipasuke kwa jua na chumvi. Ili kupaka jahazi moja zilihitajika debe kwa debe, na papa wa kutosha.

Papa hazai kama dagaa. Wengi huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa kwa mara ya kwanza, na mimba ya baadhi huenda karibu mwaka mzima. Uvuvi ukizidi, hawarudi haraka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulikadiria kwamba papa na taa wa bahari kuu wamepungua kwa asilimia 71 tangu 1970. Pingusi wakubwa wamewekwa katika kundi la walio hatarini zaidi kutoweka, na papa upanga, mwenye pua kama msumeno, leo ni simulizi ya wazee katika sehemu kubwa ya pwani ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo mtoto akiuliza kama papa anaweza kweli kutoweka, mfano haupo miaka milioni 3.6 nyuma tu.

Ukienda naye mnadani asubuhi, mwombe muuzaji amfungue papa mdomo kwa kijiti, vidole vikae mbali. Mbele kuna safu ya meno iliyosimama. Nyuma yake ipo nyingine imelala ikielekea ndani, na nyuma ya hiyo nyingine tena, midogo na meupe, ikisubiri zamu.